Dario wa Nyansiongo

Siku ya mazishi ya Mwalimu sikupewa kipaza sauti, na walioninyima walifanya busara. Walisimama wengine: mwakilishi wa wanafunzi wa zamani, mzee wa kanisa, na binamu fulani aliyetoka Nairobi na miwani ya jua. Wakamwita taa ya jamii, wakamwita mzazi wa wengi. Ukuta wa mbele wa nyumba yake ulikuwa umefunikwa turubai la bluu, na kila mtu alijifanya halioni. Nilikaa nyuma na sahani yangu ya wali na nyama, nikasema moyoni, haya, semeni, zamu yangu itafika.

Mimi si mtu wa kusamehe upesi. Nimejaribu, nimeombewa, imekataa. Tena ninayemkusudia hapa alinifundisha historia, na kila ninachojua kuhusu kusimama mbele ya darasa nilikitoa kwake. Kwa hiyo msitarajie nimseme vibaya kwa kila jambo. Mabaya yake yalikuwa machache, ila yalitosha.

Rafiki zake wa kweli walikufa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Walikuwa wafalme wa Uajemi wa kale: Koreshi, Kambisi, Dario, Ahasuero. Sisi Waadventista tuliwajua baadhi yao tangu Shule ya Sabato, Koreshi aliyewaruhusu Wayahudi warudi kwao, Ahasuero wa Esta. Mwalimu aliwatoa kanisani akawaleta shuleni kwetu Nyansiongo, akawapa ndevu zilizosokotwa, farasi, hazina na watoto wakorofi. Mtu akimtajia Dario wa tundu la simba alikunja uso. "Huyo ni mwingine," angesema. "Wangu alikuwa na kazi nyingi kuliko kulisha simba." Wanafunzi walimwita Mwajemi, na alijua, na alipenda.

Alifundisha kwa kututumikisha. Muhula ukiisha aligawa darasa kuwa majimbo ya ufalme, kila jimbo likaja mbele na zawadi ya kwao kama watu wa majimbo walivyompelekea mfalme: wa Kenyenya ndizi, wa Suneka maparachichi, sisi wa hapa Nyansiongo maziwa kwenye kibuyu. Yeye alikaa kwenye kiti cha ofisini kilichofunikwa shuka, akapokea bila kucheka. Baadaye vitu vyote viliingia jikoni tukala pamoja. Nimehudhuria semina nyingi za ualimu tangu hapo, na sijaona mbinu inayoifikia hiyo.

Alitufundisha pia kuhusu matarishi wa mfalme, waliopokezana barua njiani, kila mmoja na kipande chake, usiku na mchana. Basi akatupanga kutoka lango la shule hadi kituo cha maziwa, akampa wa kwanza hindi la kuchoma lililofungwa kwa jani la mgomba, akasema huo ndio mzigo wa mfalme. Sisi tulikimbia. Kijana mmoja katikati aliona njaa, akafungua mzigo, akaula, akampokeza mwenzake gunzi. Mwalimu alilipokea lile gunzi mwisho wa njia, akalitazama, akalitia mfukoni. Tukafikiri yamekwisha.

Siku ya kuwaaga kidato cha nne, wazazi wamejaa uwanjani, yule kijana akaitwa mbele kupokea tuzo. Mama yake alipiga vigelegele. Akapewa kifurushi cha karatasi ya kumetameta, akaambiwa akifungue hapo hapo. Ndani yake mlikuwa na gunzi, limekauka, jeusi kidogo. Mwalimu alikuwa amelihifadhi miaka miwili mizima. "Mfalme hasahau," alisema kwenye kipaza sauti, akarudi kuketi. Watu walicheka hadi wakashika mbavu, hata mimi nilicheka. Ningejua ningemtazama vizuri zaidi mtu anayeweza kutunza gunzi miaka miwili.

Kisasi kwake kilikuwa kama shamba, unapanda, unapalilia, unangoja. Alikuwa na misemo yake juu ya hilo. "Mwenye kusamehe upesi hana kazi nyingine." "Uajemi haukuangushwa na mikuki, uliangushwa na watu waliosahau." Jirani aliyewahi kumpitishia ng'ombe kwenye mahindi hakuitikiwa salamu tena, na alipokufa Mwalimu alienda kwenye matanga, akala, akachangia, na bado hakulitaja jina lake. Papo hapo ni mtu huyo huyo aliyepeleka maziwa kila asubuhi kwa wagonjwa wa njia yetu, kwa mkono wake, bila kuombwa. Ng'ombe wake wa kwanza alipokufa alilia kwa sauti, mwanaume mzima, mbele ya daktari wa mifugo. Sijui nifanye nini na machozi yale. Nayaacha hapo.

Jambo alilolichukia kuliko yote ni uongo. Alituambia kwamba kwa Waajemi wa kale uongo haukuwa kosa dogo la mdomo. Ulikuwa adui wa nchi, kama ukame au jeshi la kigeni. Neno lao lilikuwa *drauga*. Mwanafunzi akileta kisingizio, Mwalimu alilisema polepole kupitia meno: drauga. Mwanasiasa akisimama kwenye mkutano wa hadhara, Mwalimu aligeuka upande akalitamka kwa ng'ombe walio karibu.

Na lugha yenyewe aliijua, kadiri mtu anavyoweza kuijua akiwa huku kwetu Borabu bila mwalimu. Alipenda kutukumbusha kwamba maneno mengine tunayoyatumia kila siku, serikali, bandari, dirisha, pamba, yametoka kwa Waajemi wa baadaye, wajukuu wa Dario. Ila yeye alitaka maneno ya babu mwenyewe. Mjini Kisii palikuwa na Mhindi mwenye duka la vitabu na vifaa vya shule, mzee mpole, ambaye jamaa yake ng'ambo alimtumia kurasa za maandishi ya kale. Alimpigia Mwalimu fotokopi kidogo kidogo, na kila fungu lilipofika Mwalimu aliacha kila kitu akaenda kulichukua. Herufi zile hazina mviringo hata mmoja. Ni vijipembe tu, kama alama za kwato za mbuzi kwenye matope. Alijifunza kwa kuchora kwenye udongo mbichi wa mtoni kwa kijiti kilichochongwa. Nilipokuwa kidato cha pili aliniona nikimchungulia, akaniketisha, akanifundisha. Ndiyo maana ninaweza kuzisoma. Tangu hapo sijakutana na mwingine njia hii yote anayeweza.

Sasa nifike penye moto.

Mama yangu alikuwa matroni wa bweni la wavulana. Ni mjane, si mtu wa maneno. Sheria ya shule, aliyoitunga Mwalimu mwenyewe alipokuwa mkuu, ilikuwa mabweni yafungwe Jumapili alasiri wanafunzi wakiwa uwanjani, kwa sababu ya wizi. Jumapili moja Mwalimu alifunga yeye mwenyewe, kwa haraka, bila kukagua vitanda, kisha akaondoka. Ndani alikuwa amelala mvulana mgonjwa, amejifunika gubigubi. Nyaya za umeme zikashika moto. Ufunguo haukuonekana. Mama na mlinzi walivunja dirisha wakamtoa yule mtoto, mikono yake imeungua hadi kwenye viwiko. Viganja vya Mama vilikatwa na vioo, na alama zipo hadi leo.

Kwenye kikao cha bodi Mama aliulizwa, akajibu. Alisema mwalimu mkuu ndiye aliyefunga na ufunguo aliondoka nao. Naibu wake akasema vivyo hivyo, na karani, na mlinzi. Mwalimu akasema wote wanne wanadanganya, kwamba alimwachia matroni ufunguo mkononi. Bodi iliamini wanne. Mwalimu akapoteza shule.

Watu wengi wangeenda kwa wakili, au kwenye chupa. Mwalimu alienda Tabaka, wanakochimba lile jiwe letu laini la kuchonga. Alirudi na pikapu imejaa vibao vya mawe, akaviweka uani, akanunua kisu, patasi, msasa, na ndoo ya kulowekea, maana jiwe la Tabaka huchongwa likiwa na maji, likikauka linakupa vumbi na mikwaruzo. Alichonga mwaka mzima. Alipomaliza akaviunga kwa saruji kwenye ukuta wa mbele wa nyumba yake, unaotazama njia ya kanisani.

Yeyote aliyekuwa mwanafunzi wake aliijua picha ile kabla saruji haijakauka. Dario, baada ya kuwashinda waliomwasi, alijichongesha juu ya jabali refu kwao Uajemi: amesimama na upinde, mguu wake uko juu ya kifua cha adui aliyelala chali, na mbele yake wengine wamepangwa mstari, mikono nyuma, kamba moja ikipita shingoni mwao wote. Chini ya kila mmoja pameandikwa kwamba huyu alidanganya. Ya Mwalimu ilikuwa hiyo hiyo. Mfalme alikuwa na koti lake Mwalimu na uso wake. Chini ya mguu alilala naibu, na tumbo lake lote. Kwenye mstari alikuwepo karani na miwani, mlinzi na kofia yake ya sufi, na wa mwisho mwanamke mwenye kitambaa kichwani na kitita cha funguo kinachoning'inia kiunoni. Kamba shingoni. Na chini yake vijipembe, nikavisoma nikiwa na sare ya shule: huyu mwanamke alidanganya.

Wazee wa kanisa walikwenda kumwona. Nilikuwa upande wa pili wa ua nikikata nyasi za ng'ombe, nikayasikia yote.

"Mwalimu, hii kitu tumekuja kuongea juu yake," akasema mkubwa wao. "Amri ya pili inakataza sanamu ya kuchonga. Hata mtoto wa Shule ya Sabato anajua."

"Inakataza kuzisujudia, omogaaka," Mwalimu akamjibu kwa heshima yote anayostahili mzee. "Umeniona nikisujudu?"

"Hapana. Lakini watu wanaongea."

"Waongee. Mimi sijaandika jina la mtu. Kama kuna anayejiona hapo ukutani, aje aniambie amejitambua kwa nini."

Wakanywa chai yake wakaondoka. Chifu naye alikuja, akanywa chai, akaondoka.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hawakuwahi kufika Nyansiongo. Kikao cha bodi kilidumu alasiri moja, na waliohudhuria wakahamishwa, wakastaafu, wakafa. Ukuta ulisimama kila siku. Watoto walikua wakiuona kabla hawajajua kusoma, wakauliza yule mama ni nani, wakaambiwa ni yule aliyefungia mtoto ndani ya moto. Mwalimu alikuwa mtu aliyependwa, Mama alikuwa matroni. Kanisani walimwondoa ushemasi bila kusema sababu. Wazazi wa mvulana aliyeungua, ambaye yeye ndiye aliyemtoa kwa mikono yake, waliacha kumsalimu. Naibu alihamia Kericho, karani akafa, mlinzi akarudi kwao. Mama hakuwa na pa kwenda. Kila Sabato alipita mbele ya ukuta ule na Biblia yake, akienda na akirudi, na nilipotaka kwenda na nyundo alinikataza.

"Mwache," aliniambia. "Ukivunja watasema tumekubali."

Na huyo huyo Mwalimu alimfundisha binti wa naibu wake, bure, miezi yote ya kabla ya mtihani, babaye akiwa amekanyagwa pale ukutani. Msichana aliingilia mlango wa nyuma. Alipofaulu, Mwalimu alichinja jogoo. Nilishawahi kumuuliza mtu mwenye hekima kuliko mimi aniunganishie mambo haya mawili, naye alishindwa.

Miaka ikaenda. Mimi nikawa mwalimu, wa historia, nikaajiriwa upande wa Suneka. Mwaka jana, likizo ya Agosti, nilimkuta Mama miguu imevimba na presha imepanda. Nilikuwa nikimkanda kwa maji ya moto aliposema, bila kuniangalia, "Nikifa watapita pale wote, wakija kunizika. Sitaki kuzikwa nikiwa na kamba shingoni."

Sikulala vizuri. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, nikaenda kwa Mwalimu saa nne asubuhi. Sikwenda mikono mitupu. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikisoma juu ya Dario kwa ajili ya masomo yangu ya likizo, na nilikuwa nimekutana na jambo lililonifanya nicheke peke yangu kama mwehu. Dario alidai kwamba kabla yake kiti kilikaliwa na mwongo aliyejifanya mwana wa Koreshi, naye Dario akamuua ili kuokoa ukweli. Lakini wengi kati ya wanaoyachunguza maandishi yale wana shaka. Wanasema huenda aliyeuawa alikuwa mwana wa Koreshi kweli, na mwongo ni yule aliyechongesha jabali. Nilitaka kumtia hilo kifuani kama mkuki na nimtazame akianguka.

Alikuwa amezeeka. Mikono ilitetemeka, macho yalikuwa na utando. Alinikaribisha vizuri.

"Moiseke, binti yangu, karibu. Umekuja kuona mzee?"

"Nimekuja kwa ajili ya Mama. Umtoe pale ukutani."

"Sheria ya Wamedi na Waajemi haibadilishwi, unajua hivyo."

"Najua na kingine," nikasema. Nikamwambia, yote, taratibu, kama ninavyomweleza mwanafunzi mzito. Nikamalizia, "Kwa hivyo maisha yako yote umemwiga mwongo."

Alinisikiliza bila kupepesa. Kisha akatikisa kichwa, nusu ya kutabasamu.

"Iko kwenye ukurasa wa mwisho wa zile fotokopi," akasema. "Nilisoma nikiwa kwa gari, nikirudi kutoka Kisii. Nikafikiria sana. Mtu amesema uongo, ameuweka kwa jiwe, na hakuna aliyemtoa huko miaka yote hiyo. Nikashuka hapo stendi nikaona moshi."

Ilinichukua muda kidogo kuelewa alichokuwa akiniambia.

"Siku hiyo hiyo ya moto?"

"Jumapili hiyo. Mzee wa duka alinifungulia hata kama alikuwa amefunga."

"Na ufunguo?"

"Ulikuwa kwa mfuko wa koti."

Nasema kilichokuwa moyoni mwangu: nilitaka kumpiga. Patasi ilikuwa pale dirishani, nyundo ilikuwa pale, na mtu mwenyewe hangeweza hata kuinua mkono. Nilimwona Mama akitembea mbele ya ukuta ule, kiangazi na masika, nywele zikimgeuka nyeupe. Nilimwona akitolewa kwenye benchi la mashemasi.

"Kesho utasimama kanisani useme," nikamwambia.

"Siwezi."

"Utasema."

"Siwezi, mwanangu. Nimejaribu. Mdomo umezoea vingine. Nikifungua utasema tu ile ya kawaida."

Nilimwamini. Ndilo neno la mwisho la kweli nililopata kwake, na lilikuwa ovu kuliko uongo wenyewe.

Nikachukua patasi na kisu na ile ndoo nikatoka nje. Alinifuata na kigoda, akaketi chini ya mti wa parachichi. Nilianza na Mama. Nilikwangua kamba shingoni mwake, nikaziondoa funguo kiunoni, nikayafuta maneno yaliyokuwa chini yake. Jiwe letu si jabali la Uajemi, linakubali. Nikawafungua karani na mlinzi. Naibu nilimwacha chini, sikuwa na saa za kumwinua. Kisha nikapanda juu ya jiwe la kufulia nikaufikia uso wa mfalme.

"Lowesha kwanza," akasema nyuma yangu. "Ukikwaruza kavu litapasuka."

Nikalowesha. Nikachonga kamba, nzito, mizunguko miwili, kuanzia chini ya kidevu hadi kwenye kola ya koti. Nilitumia nguvu zaidi ya zilizohitajika. Chini yake nikaandika kwa herufi alizonifundisha yeye kwamba huyu alidanganya, na kwa kuwa hakuna anayezisoma nikaandika tena kwa Kiswahili, herufi kubwa, na nikaongeza neno ufunguo ili asiwepo wa kuuliza. Hakunizuia. Jua lilikuwa bado halijatua nilipomwaga maji ya ndoo, maana Sabato ilikuwa inaingia na sikutaka wazee wapate la kunishikia.

"Mama yako bado anapitia hapa?" akauliza.

"Atapita kesho."

"Basi nitakaa nje."

Na alikaa. Asubuhi ya Sabato nilipotoka na Mama, watu walikuwa wamesimama mbele ya ukuta, wengine mikono mdomoni, na Mwalimu amevaa suti, amekaa kwenye kiti chini ya mfalme wake, peke yake. Walimpisha Mama. Alisimama. Alimtazama yule mwanamke wa jiwe asiye na kamba, akamtazama mfalme, akayasoma maneno kwa midomo, polepole, maana miwani yake ni ya zamani. Mwalimu akasimama kwa shida, akavua kofia.

"Bwakire, omong'ina," akamwamkia, na kwetu hakuna mtu mzima anayeamkiwa hivyo na mzee asiitikie.

Mama hakuitikia. Alihamisha Biblia kutoka mkono mmoja hadi mwingine, akaendelea na safari yake ya kanisani. Nilimfuata nyuma nikiwa na furaha kubwa, na sijaitubia.